Protasi Sindayigaya, Msimamizi wa Bati ya Nyakabungo

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na jirani, pamoja na ninyi mliotoka Nemba kabla ya mapambazuko ili kuyawahi mazishi haya: mnayemsindikiza leo ni Protasi Sindayigaya, aliyesimamia mgodi wa bati wa kilima cha Nyakabungo kwa miaka ishirini na saba. Haya ndiyo maisha yake kama familia inavyoyajua. Hayakupunguzwa, hata pale ambapo familia ingependa kupunguza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1931, chini ya kilima hicho cha Nyakabungo, wilayani Ngara. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Gaspari Havyarimana na Mama Ildefonsa Niragira, na wa kwanza kuishi. Baba yake alikuwa mfua majembe, hivyo mtoto alikulia kati ya mivukuto na mawe ya chuma. Mama Ildefonsa alisimulia hadi uzeeni kwamba Protasi, akiwa hajaota meno ya pili, alikuwa akipewa mawe mawili yanayofanana, moja kila mkono, naye hufumba macho na kusema, "Hili ni jiwe. Hili lina kitu." Baba yake alikuwa akilipasua lile la pili, na mara nyingi kitu kilikuwamo.

Alibatizwa parokiani Rulenge na kuanza shule hapo hapo mwaka 1940. Mwaka 1947 alichaguliwa kuendelea na shule ya kati Biharamulo. Siku hizo mtoto wa Ngara alikwenda Biharamulo kwa miguu, amebeba chakula cha njiani na mkeka wake. Alimaliza mwaka 1950, wa pili katika darasa lake. Angeendelea, lakini mwaka huo baba yake alifariki na wadogo zake wanne wakabaki wakimtazama yeye. Alifunga vitabu, akarudi nyumbani kulima. Hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Bwana Thornley, Mwingereza aliyekuwa na haki ya kuchimba madini ya bati kilimani. Isidhaniwe ni mabati ya kuezekea. Bati ya Nyakabungo ilikuwa mchanga mweusi unaooshwa kwa karai mtoni, mchanga mzito hata mtu asiyeujua hushtuka anapoupokea. Bwana Thornley alikuwa na ardhi kubwa kwao Uingereza na alikuja Ngara mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kiangazi. Alihitaji mtu wa kusimama mahali pake: kupima, kufunga, kusafirisha, kubishana na wanunuzi wa Mwanza. Aliweka makopo matatu mezani, yamefunikwa, akawaambia waombaji kazi waseme lipi lina bati safi. Wengine waliomba mizani. Protasi aliyainua moja moja, akayarudisha.

"La katikati," alisema. "Na hili la kulia mtu amechanganya mchanga wa mtoni, karibu nusu."

Bwana Thornley alicheka, kwa sababu mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Akamwajiri siku hiyo hiyo.

Kabla ya kuondoka mwaka huo, alimwachia kitabu kilichonakiliwa kwa mkono. Zilikuwa barua za miaka mia mbili nyuma, za mtu aitwaye Josiah Pell. Pell alikuwa msimamizi wa babu wa babu zake Bwana Thornley, mwenye ardhi ambayo chini yake palichimbwa risasi, madini mazito ya kijivu, yaliyobeba ndani yake fedha, ile ya kufulia bangili. Mwenye ardhi aliishi mbali, mjini. Pell alibaki milimani akiuza risasi na fedha kwa niaba yake, na kila wiki alimwandikia. "Hakuna chuo cha kazi yako," alisema Bwana Thornley. "Msome huyu."

Lakini mwandiko ulikuwa wa kale na Kiingereza chake kigumu kuliko cha shuleni. Protasi akauliza nani wilayani angeweza kumsaidia, akaelekezwa kwa mwalimu kijana wa shule ya wasichana, Clotilda Uwimana, binti wa Mzee Pancras wa Nyarubungo. Kila likizo, mwalimu alipokuwa kwao, Protasi alisafiri kwenda Nyarubungo, kitabu kimefungwa kwenye kitambaa, akakaa barazani kwa Mzee Pancras na kusomewa barua mbili au tatu. Walisoma miaka miwili. Walisoma jinsi Pell alivyokataa kuuza risasi mpaka fedha iliyomo ipimwe, kwa kuwa mnunuzi alitaka kuipata bure. Walisoma jinsi barabara ilivyokatwa na mafuriko naye akakaa siku kumi na moja kando ya mikokoteni ya bwana wake. Kilichowashangaza zaidi ni mwanzo wa barua zake. Kila barua ilianza na hasara: kilichovunjika, kilichopotea, alichokosea Pell mwenyewe. Faida ilifuata baadaye, kwa mistari michache.

"Angeficha, nani angejua?" mwalimu aliuliza siku moja.

"Hakuna," alijibu Protasi. "Ndiyo maana aliandika."

Barua zilikwisha Agosti 1960. Wiki iliyofuata alionekana tena barazani na kitabu kile kile.

"Mwalimu, naomba tuanze tena mwanzo."

Mzee Pancras, aliyekuwa ndani akiyasikia yote, alitoa kichwa dirishani. "Kijana, shikamoo yako nimeipokea miaka miwili sasa. Sema leo. Unakuja kusomewa au unakuja kuposa?"

"Marahaba, baba," alijibu Protasi kwa kuchanganyikiwa, na Mzee Pancras alicheka mpaka akaketi. Ndoa ilifungwa tarehe 7 Januari 1961. Mungu aliwajalia watoto watano, na wote wamesoma isipokuwa wa mwisho, ambaye bado ni mdogo.

Bwana Thornley aliondoka moja kwa moja mwaka 1968. Mgodi ukawa mali ya umma, na mwaka 1974, watu walipohamia vijijini, kijiji cha Ujamaa cha Nyakabungo kikakabidhiwa uchimbaji. Kwenye mkutano mtu mmoja alisema kwamba karani wa mzungu aondoke na mzungu wake. Akina mama wanaoosha mchanga ndio waliokataa. Walisema huyu hakuwahi kumpunja mtu karai. Akachaguliwa kwa kunyoosha mikono aendelee, akasema maneno machache: "Mwenye mali alikuwa mmoja na alikuwa mbali. Sasa ninyi ni mia mbili na mko hapa mnanitazama. Kazi imekuwa ngumu zaidi." Akaendelea kufanya kila kitu kama zamani. Alianika bati juani siku mbili kabla ya kuipima, jambo lililowaudhi wanunuzi.

"Mzee, unauza madini au unaanika udaga wa muhogo?" mmoja wao alimtania.

"Ukinunua mbichi utakata uzito wa maji kwa kukisia," alijibu. "Ukinunua kavu utakata nini?"

Sasa tunafika Novemba 1978, jambo ambalo wengi mmelisikia, na wengi mmelisikia vibaya.

Nchi ilikuwa imevamiwa kutoka Uganda. Kijiji kilikuwa na mifuko thelathini na mmoja ya bati, jasho la miaka miwili la familia mia mbili. Fedha yake ilikuwa imetengwa kununulia mashine ya kusaga, ili wanawake waache kutembea na mahindi vichwani hadi wilayani. Alhamisi tarehe 9, Marehemu aliondoka na mifuko hiyo kwa lori la kukodi kuelekea Mwanza, dereva akiwa Emilian, binamu yake. Wakiwa wamebakiza mwendo mfupi kufika Nemba walisimamishwa na askari. Luteni aliyewasimamisha alikuwa mtu wa adabu.

"Shikamoo, mzee. Gari linahitajika mbele. Dereva pia."

"Marahaba, mwanangu. Gari chukua. Huu mzigo ni wa kijiji."

"Mzigo ushushwe hapa. Vita haisubiri."

Mifuko ikashushwa. Mfuko mmoja haukuzidi ndoo ndogo kwa ukubwa, lakini ulihitaji wanaume wawili. Emilian alimshika mkono. "Kaka Proti, panda twende. Nani ataiba mchanga?"

"Yule anayejua ni mchanga gani," alisema, akabaki.

Askari waliiacha mifuko imepandana katika mstari mfupi kando ya barabara. Akaifunika kwa turubai kwa ajili ya mvua, akawasha moto, akaketi chini, kwa kuwa kiti hakikuwapo. Yeye aliona mifuko. Watu waliotoka mashambani jioni ile waliona kitu kingine. Waliona mwanamume wa makamo ameketi chini, kimya, pembeni ya moto, na mbele yake kitu kirefu kama mtu aliyelala, kimefunikwa turubai. Tena njiani, na malori ya jeshi yakipita.

Watu wa upande ule hawapiti msiba. Wanawake wawili waliweka majembe chini, wakaketi. Alidhani wanapumzika. Akaja mzee na kuni. Ikaja sinia ya ndizi. Mpaka jua linazama walikuwa watu kumi na wanne, na hakuna aliyeuliza lolote, kwa kuwa mfiwa haulizwi nani amekufa. Hungojwa aseme mwenyewe. Vijana wawili waliokuwa wameizunguka mifuko kwa baiskeli tangu mchana walivua kofia, wakaondoka wakisukuma baiskeli zao kwa heshima.

Ndipo mama mmoja aliyeitwa Kankindi, ambaye wazazi wake walitoka Burundi zamani, alimsogelea. "Mwihangane, mwanangu," alisema, kama watu wake wanavyotoa pole. "Ni wetu wa huko vitani?"

Hapo Marehemu alielewa. Na alijibu, "Ni mzigo nilioachiwa, mama."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Lakini alijua yatasikikaje, na aliyasema kwa kuwa alijua. Alikuwa ameziona kofia zikivuliwa. Alijua kwamba mifuko ya kijiji ingekuwa salama chini ya heshima ile kuliko chini ya bunduki. Alinyamaza siku ile na siku ya pili, akala ndizi zao, akanywa rubisi, pombe yao ya ndizi, akapokea pole zao.

Asubuhi ya Jumamosi Mama Kankindi alikuja akilia kwa sauti tangu mbali. Mwanawe wa pekee, Novatus, alikuwa amekwenda vitani na mgambo, na habari zake hazikuwapo. Mikononi alibeba shuka jeupe, jipya, limekunjwa. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya kuzikiwa yeye mwenyewe.

"Turubai si la mtu," alisema. "Huyu ana mama yake mahali. Nifunulie nimvike."

Marehemu alisimama. Alisema baadaye kwamba angeweza kuibeba mifuko yote thelathini na mmoja kwa urahisi kuliko kusimama vile. Akasema mbele ya wote, "Mama, hakuna mtu. Ni madini ya kijiji chetu. Nilijua mnavyodhani tangu jioni ya kwanza, nikanyamaza."

Yakazuka makelele. "Siku tatu tumekaa chini kwa ajili ya kokoto!" alisema mzee wa kuni. Kijana mmoja akauliza kokoto hilo limeacha wajane wangapi, na arobaini yake lini. Wengine waliinama kuokota majembe yao, na hao ndio waliomuumiza. Mama Kankindi alimtazama tu. "Umenifanya niyalilie mawe," alisema. Akalikunja shuka lake, akaondoka, na wote wakaondoka nyuma yake.

Mvua ilinyesha mchana huo, moto ukazimika. Alikaa peke yake na mifuko. Hakuna aliyebaki wa kumzuia mwizi, na mtu yeyote njiani alikuwa ameshajua kilichomo.

Karibu saa kumi alasiri aliona mtu anakuja taratibu, amekinga kitu chini ya jani la mgomba. Alikuwa Mama Kankindi, na alichokinga ni kaa la moto kwenye kigae. Aliupuliza moto mpaka ukashika, akaketi mahali pake pa siku zote.

"Haya," alisema. "Nionyeshe huyo marehemu."

Protasi alifungua mfuko mmoja, akamtilia bati kiganjani. Mkono wa mama ulishuka hadi magotini. Alitazama mchanga ule mweusi, akatazama mstari wote chini ya turubai, akashika mdomo kwa mkono wa pili.

"Yesu wangu. Mzito kuliko mtu. Na yote si yako?"

"Hata punje."

"Na hao wenyewe wako wapi?"

"Ngara. Wanadhani imefika Mwanza."

Mama alirudisha bati mfukoni, akapangusa kiganja. "Nilidhani nimekuja kulia na mtu aliyefiwa," alisema. "Sasa nimekuja kukaa na mtu aliye peke yake. Kukaa ni kule kule."

Jioni walirudi watatu, kesho yake sita. Kila aliyerudi alitaka kwanza kushika bati, na kila mkono ulishuka vilevile, na kila mtu aliguna kwa namna yake. Yule kijana aliyeuliza arobaini alijaribu kuinua mfuko peke yake, akashindwa, akamwomba radhi yule marehemu wa chini ya turubai. Walipanga zamu. Mkewe alipofika kutoka Ngara siku ya nane, baada ya kupata ujumbe, alimkuta mumewe amelala usingizi mzito mchana kweupe, na watu asiowajua wameizunguka mifuko, wakizungumza kwa sauti ya chini wasimwamshe. Mwanamke yule, aliyesoma na aliyedhani anawajua watu, alisimama barabarani, kisha akaketi kati yao.

Lori lingine lilipatikana tarehe 28 Novemba. Siku kumi na tisa. Mifuko ilikuwa thelathini na mmoja, lakiri zote nzima isipokuwa ule mmoja aliofungua, nao ulipungua kwa yaliyoshikwa viganjani tu. Mashine ya kusaga iko Nyakabungo mpaka leo. Wengi wenu mmekula unga wake asubuhi hii.

Aprili 1979 ilifika habari kwamba Novatus amefia Uganda na amezikwa huko huko. Marehemu alikwenda Nemba siku aliyosikia. Mama Kankindi alimpokea mlangoni bila machozi. "Kumbe nililia mapema," alimwambia. Protasi aliketi chini, nje ya nyumba ile, siku kumi na tisa, na kazi ya mgodi ikasimama. Kijiji hakikumuuliza.

Kwa wasiokuwapo, habari ilisafiri kwa sura nyingine. Ilisemwa kwamba alitengeneza msiba wa uongo ili ale rambirambi za watu. Alipewa jina, na watoto wake waliitwa shuleni watoto wa mfiwa wa kokoto. Familia inatamka leo: hakutengeneza msiba, na hakuna alichojichukulia. Lakini ni kweli pia kwamba alijua, na kwamba alinyamaza siku mbili, na kwamba katika siku hizo alikula alichopewa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1982. Vumbi la bati lilikuwa limeingia ndani kwa miaka mingi. Aliacha kazi mwaka 1984, akalazwa hospitali ya misheni mwezi Desemba. Mwezi uliopita alimwomba mkewe aandike wasifu huu, akasisitiza kwamba zile siku mbili za kunyamaza ziandikwe.

"Mbele ya padri?" mkewe aliuliza. "Mbele ya wakwe? Miaka sita nimewatetea wanao dhidi ya jina hilo."

"Umewatetea vizuri. Sasa andika kama Pell."

"Pell alimwandikia bwana wake."

"Na mimi naenda kwa nani?"

Mkewe alikwenda kutafuta kalamu. Ameandika.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 9 Februari 1985, saa moja asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu.

Ameacha mjane, Mwalimu Clotilda, watoto watano, Marsiana, Deodata, Gaspari, Pancras na Novatus, aliyezaliwa Juni 1979, wajukuu wawili, wadogo zake wanne, binamu yake Emilian, aliyerudi salama kutoka vitani, na Mama Kankindi wa Nemba, aliyeketi hapa mbele kwenye mkeka wa wafiwa kwa kuwa ni mahali pake.

Kuna kikapu cha rambirambi mlangoni, kama ilivyo desturi, na familia inawashukuru wote. Lakini ninyi wa Nemba msitie kitu. Zenu zilipokelewa Novemba 1978, kwa ndizi, kuni, rubisi na machozi, kwa ajili ya marehemu ambaye siku hiyo hakuwapo. Leo yupo. Familia inakiri kwamba rambirambi za msiba huu mlizitoa zote mapema, na inawaomba mketi tu.

Bwana ampokee msimamizi wake. Apumzike kwa amani, asilinde tena kitu cha mtu.